Jibu Ndiyo au Hapana

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 16 Novemba

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na natumaini kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho kimekwisha, maana siku ile nilikisikia chenyewe zaidi kuliko nilivyosikia maneno yako. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu. Likishaota jua huwa goti kama magoti mengine. Ameniagiza nikuulize kama huko unakula. Nilimjibu kwamba fundi wa majokofu ya bucha hawezi kufa njaa, akasema kukaa karibu na nyama si kula nyama. Basi nimekuuliza.

Utashangaa kwa nini nimerudia kalamu badala ya simu. Kaka, kila ninapolikaribia neno hili kwenye simu, mtandao wa kwako huharibika. Karatasi haina mtandao. Barua hii nampa dereva wa lori la kampuni yenu, yule mwenye kofia ya sufu, ambaye ameniahidi kuitia mkononi mwako na si kuiacha mezani. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilikueleza kwamba mwalimu mkuu alinipa darasa. Mimi ni karani wa shule, kazi yangu ni faili, muhuri na kengele, na elimu yangu unaijua iliishia kidato cha nne. Lakini shule ilipoletewa kompyuta kuukuu na benki iliyokuwa ikinunua mpya, walimu walizizunguka kama watu wanaotazama nyoka aliyelala. Ikajulikana kuwa karani aliwahi kusoma kozi ya jioni. Stoo ya madawati mabovu ikafagiliwa, ikapigwa chokaa, nikapewa ufunguo. Chumba ni chembamba, dirisha moja, na feni inayopiga kelele nyingi kuliko upepo. Mashine ya pembeni herufi N imekufa, ukitaka kuiandika lazima uibonyeze kwa kidole gumba kama unayeua kunguni. Jumanne na Alhamisi, baada ya vipindi, watoto hukaa wawili wawili, nami nawafundisha kuandika programu.

Chiriku wako alijiandikisha kabla ya wote. Jina hilo ulimpa wewe, maana alianza kusema kabla hajaota meno ya kutosha, na akaendelea kusema hata chakula kikiwa mdomoni. Shuleni jina lake la kweli linaitwa asubuhi tu, kwenye daftari la mahudhurio. Baada ya hapo hata walimu humwita Chiriku.

Siku ya kwanza sikuwasha mashine hata moja. Niliwaambia kwamba siku hiyo kompyuta ni mimi, na kwamba kompyuta haina akili wala huruma, ina utii tu: hufanya ulichoiambia, si ulichotaka kuiambia. Nikasimama mlangoni nikawataka wanifikishe kwenye kiti changu. Chiriku ndiye aliyewahi. Akaniamuru nitembee mbele, nikatembea. Hakuniambia nisimame, kwa hiyo sikusimama, nikalivaa kabati la faili na muhuri wa shule ukaniangukia mguuni. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Chiriku alipomsimulia Mama jioni, Mama aliuliza kama mwalimu mkuu anajua kwamba ameajiri mtu wa kugonga makabati. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyesahau kuandika mahali pa kusimama. Karibu hakuna.

Programu zetu ni ndogo. Ya kwanza huuliza jina lako, ukiliandika hukusalimu kwa jina hilo. Utadhani ni jambo dogo, kaka, lakini ungeona nyuso zao mashine ilipowasalimu mmoja mmoja. Kijana wa miwani tunayemwita Profesa alibadili yake, ikawa ukiandika jina lolote inakujibu kwamba umechelewa, kalete mzazi. Darasa zima lilipanga foleni kwenda kukaripiwa. Kisha nikawafundisha neno KAMA: kama jibu ni hili, fanya hivi, kama ni lile, fanya vile. Kisha nikawafundisha RUDI MWANZO, yaani programu kujirudia yenyewe mpaka lipatikane jibu inalolisubiri.

Na nikawawekea sheria moja, ambayo ndiyo imenifikisha kwenye barua hii. Programu haijakamilika mpaka uijaribu kwa kila jibu. Ikiwa inauliza ndiyo au hapana, ijaribu kwa ndiyo, ijaribu kwa hapana, halafu ijaribu kwa upuuzi wowote, maana watu hawajibu walichoulizwa. Ukishajaribu yote mbele yangu, nakubandikia nyota ya karatasi juu ya mashine. Bila hivyo hupati nyota, uwe mtoto wa nani.

Mwezi Septemba kila mtoto alitakiwa kubuni programu yake ya kuonyesha Siku ya Wazazi. Profesa alibuni jaribio la kuzidisha ambalo ukikosea linakutukana kwa adabu. Chiriku wako alibuni hii, naiandika kama alivyoipanga yeye:

ULIZA: Baba amekuja?
KAMA jibu ni HAPANA: sema "Subiri kidogo." RUDI MWANZO.
KAMA jibu ni kitu kingine: sema "Sijaelewa. Jibu ndiyo au hapana." RUDI MWANZO.
KAMA jibu ni NDIYO:

Chini ya hapo sikuweza kuona. Maagizo ya programu yetu ni kama vibao vya rangi vinavyounganishwa kwa kipanya, na kibao ukitaka unaweza kukikunja yaliyo ndani yasionekane. Alikuwa amekikunja kile cha ndiyo. Aliniambia ni siri yake na baba yake, utaifungua wewe mwenyewe kwa kidole chako, Siku ya Wazazi.

Nilimwambia mzunguko wake hauna mwisho, kwamba mtu akijibu hapana itauliza na kuuliza na kuuliza. Akanitazama kama ananionea huruma. Akasema mwisho upo, ni wewe ukija.

Nikamkumbusha sheria ya majaribio. Hapana aliijaribu, tena mara nyingi kuliko nilivyomtaka. Upuuzi aliujaribu, aliandika "viazi" na mashine ikamwambia haijaelewa. Ndiyo alikataa. Alikunja mikono akasema hawezi kuandika ndiyo wakati si kweli, huo ni uongo, na mimi mwenyewe nimefundisha kwamba kompyuta huamini kila unachoiambia. Nilijaribu kumweleza kwamba jaribio si uongo, fundi wa taa hubonyeza swichi hata mchana. Hakuelewa, au alielewa akakataa. Na mimi, ambaye Profesa nilimnyima nyota kwa kosa la herufi moja, nilimwachia. Nilijiambia ni mtoto wa ndugu yangu, na siri ya mtoto haivunjwi. Programu isiyojaribiwa ikaenda kwenye maonyesho kwa sababu mwalimu wake ni shangazi yake. Katika shajara yangu siku hiyo niliandika tu kwamba Chiriku ni mbishi kama baba yake.

Kuanzia hapo unajua alivyokuwa, maana alikupigia mwenyewe akakualika, na wewe ukamwambia utajitahidi. Alipokata simu aliniuliza kama "nitajitahidi" ni ndiyo au ni hapana. Nikamwambia ni neno la watu wazima. Akaenda akamwambia kila mtu kwamba baba anakuja. Alimwambia hata muuza sabuni. Mama alimwonya kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, akajibu kwamba bibi hajui, baba ni fundi, na fundi akisema kesho huja hata kama ni kesho ya tatu. Mama alicheka siku ile mpaka akashika goti. Gauni la kijani tulilishusha pindo mara mbili, kwa sababu alitaka uone amekuwa mrefu lakini asionekane kama amevaa la mtu mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wazazi walijaa tele, chumba kikawa kama tanuri, feni ikazidiwa. Chiriku aliomba mashine iliyo mkabala na mlango. Kila kivuli kilichoingia alikiinulia macho, kisha akarudisha mikono mapajani. Wageni walipofika kwake aliwaeleza vizuri, kwa sauti ya mwalimu, jinsi swali linavyofanya kazi, akawaruhusu waandike hapana tu. Mashine ikawaambia wasubiri kidogo. Walicheka, wakasema mtoto ana akili, wakasogea kwa Profesa kutukanwa kwa adabu.

Nilikuwa nikiingia na kutoka. Nilikupigia nikiwa nyuma ya choo cha walimu, simu ikaita mpaka ikachoka.

Kuelekea mwisho alikuja babu yake Profesa, mzee fundi viatu, mtu mpole wa vidole vyeusi vya kiwi. Chiriku wakati huo alikuwa ameinuka kidogo kuchungulia dirishani. Mzee akaketi, akavaa miwani, akalisoma swali kwa sauti kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Baba amekuja? Nadhani alifikiri anaulizwa yeye habari za mwanawe, ambaye alikuwa amesimama pale pale nyuma yake. Akaitafuta N, akaibonyeza, akaitafuta D. Nilimwona tangu mlangoni, kaka. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Nafikiri hata mimi nilitaka kujua ni nini kilichokuwa pale chini.

Chiriku aligeuka mzee akiwa anamalizia O.

Skrini ikawa nyeupe. Hakukuwa na neno, wala picha, wala wimbo. Mstari mdogo tu ukiwakawaka pembeni kama mtu anayetaka kuanza kusema.

Mzee alivua miwani akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, nimejibu vibaya?"

"Hapana, babu. Hujakosea," Chiriku akamwambia. "Mimi ndiye sijaandika."

Akazima mashine kwa adabu, akamshukuru mzee kwa kuja, akaenda kukunja mikeka ya wageni kabla wageni hawajaondoka. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini aliacha patupu, na miezi ile yote tulidhani ameficha jambo kubwa. Alinijibu bila kuniangalia kwamba alikuwa ameandika mengi akayafuta yote. Kila alichoandika hakikutosha. Akaona ni heri asubiri, kwa sababu siku ukija atajua tu la kukuambia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha tulipoingia, na aliponiona uso akainuka. Alimvua mtoto viatu mwenyewe, na goti lile.

Kaka, sasa nimefika kwenye neno lenyewe.

Siku chache kabla ya hapo ulinipigia ofisini, na hukunipigia kwa ajili ya Siku ya Wazazi. Uliniambia umehamia nyumba kubwa zaidi. Uliniambia una mwenzako, na kwamba anatarajia mtoto karibuni. Ulisema huko ndiko kwako sasa, na kurudi ni jambo ambalo hata ukilifikiria hulioni. Sikukulaumu, na leo sikulaumu. Marehemu wifi yangu ametutoka miaka mingi, na mtu hawezi kuoa kaburi. Lakini ulipomaliza kuniambia hayo, uliniomba niendelee kumwambia mtoto kwamba labda mwakani. Ulisema ni mdogo, atasahau polepole, haitamuuma. Ndipo kengele ikatakiwa kupigwa, nikakuaga, nikaenda kuipiga. Nilikaa na neno lako wiki ile yote huku nikishusha pindo la gauni.

Siku iliyofuata maonyesho, Jumapili mchana, nilikuwa nafua uani. Chiriku akaja akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akaniuliza kama unakuja. Nikaanza vile ninavyoanza siku zote: baba ana kazi nyingi, safari ni ndefu, labda mwakani.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyowaelezea wageni, "Sijaelewa. Jibu ndiyo au hapana."

Nikamwambia mambo ya watu si kama ya mashine. Akasema tena, "Sijaelewa. Jibu ndiyo au hapana."

Hakuwa akifanya utani, kaka, wala hakuwa akinikosea heshima. Alikuwa ananiomba. Ana miaka kumi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sisi watu wazima tumekuwa tukimwandikia viazi. Nililisuuza shati nililokuwa nalo mkononi, nikalikamua, nikaona sina tena kitu cha kukamua.

Nikamwambia, "Hapana."

Hili ndilo ninalokukiri. Sikukuomba ruhusa wewe, sikumshauri Mama. La mwenzako na la mtoto anayekuja sikulitaja. Hilo ni lako kulisema, na uliseme kwa kinywa chako. Lakini la kurudi nimelisema mimi. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sijazaa, na siku ile pale uani ningetoa chochote nisiujue.

Hakulia mbele yangu. Alikaa, akaniuliza kama anaweza kunisaidia kuanika. Tukaanika. Jioni Mama alimwita akae naye, nikawasikia chumbani kwa muda mrefu, lakini sauti ilikuwa ya Mama peke yake.

Jumanne alihudhuria darasa, akatazama programu yake bila kuigusa. Alhamisi vilevile. Nilimwacha. Alhamisi hii iliyopita akaniita. Kibao kilichokunjwa alikuwa amekikunjua. Katika kile cha hapana, palipokuwa na subiri kidogo, ameandika neno moja, "Basi." Ameng'oa RUDI MWANZO. Programu ikifika hapo inasimama yenyewe. Na chini ya ndiyo, pale ambapo maneno yote hayakutosha, ameandika "Karibu."

Akasema yuko tayari kwa majaribio. Akaandika hapana, ikasema basi, ikasimama. Akaandika viazi, ikamwambia haijaelewa. Kisha akaandika ndiyo. Hakusita, hakunitazama. Aliandika kama fundi anayebonyeza swichi mchana kujua tu kama taa inawaka. Ikawaka. Akageuka akaningoja.

Nimekuwa nikiwataka watoto wanielewe tangu mwaka uanze, na huyu amenielewa. Programu haikuwa na kosa. Kwa sheria yangu mwenyewe ilinibidi nimpe nyota, nikaibandika juu ya mashine ile, ikakaa upande. Profesa alipiga makofi, wengine wakafuata. Chiriku akashukuru, akakaa.

Sikuandikii ili urudi. Kama kuna siku utakuja, njoo tu. Usitume neno mbele yako, usimwambie utajitahidi, usinipe labda nikubebee, mzigo huo nimeutua. Fika mlangoni kwanza, ndipo useme umefika. Na kama hutakuja, mpigie umwambie mwenyewe kwamba atapata mdogo wake. Ataelewa. Anaelewa zaidi ya tulivyotaka.

Karatasi inakwisha na dereva amesema ataondoka alfajiri. Mama anakusalimu. Anasema ufunge kifua unapoingia kwenye majokofu, na kwamba yeye hana hasira, amechoka tu. Muuza sabuni anakusalimu, hajui lolote. Mwenzako naye mpe salamu zangu, namwombea ajifungue salama. Mtoto hana kosa.

Barua zangu zote za nyuma unajua zilivyokuwa zikiishia. Chiriku alikuwa akinisimamia begani akinitajia: mwambie jino limeng'oka, mwambie paka wa jirani amezaa kwenye kabati letu, mwambie nimekuwa wa tatu kwenye hesabu, mwambie aje upesi, mpaka nikakosa nafasi nikaandika pembeni mwa karatasi. Leo nimemwita mimi. Nimemuuliza kama ana salamu za kumpa baba. Akafikiri, akasema nikwambie shikamoo.

Nikaishika kalamu nikamsubiri aendelee. Hakuwa na lingine.

Ni mimi mdogo wako,
karani wa shule